Shajara ya Mradi: Sherehe ya Mpira wa Kikapu Mtaani South B

Jumamosi, 1 Novemba 2025

Leo nimekubaliana na kaka yangu na mkewe kwamba nitasimamia maandalizi ya sherehe ya binti yao, anayetimiza miaka 11 mwezi ujao na ambaye tangu mwaka jana hana mazungumzo mengine ila mpira wa kikapu. Nilipomuuliza anataka nini hasa, alinijibu bila kusita: "Shangazi, sitaki sherehe ya kukaa kwenye viti na kungoja keki. Nataka tucheze." Nimeyaweka maneno hayo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi, kwa kuwa ndiyo yatakayoamua kila jambo litakalofuata. Watoto watakaoalikwa ni 24, wa umri wa miaka 7 hadi 13, wavulana na wasichana, na yeye mwenyewe anakadiria kwamba zaidi ya nusu yao hawajawahi kucheza mchezo huu.

Nimeona katika sherehe nyingi za aina hii jijini kwamba rangi ya chungwa hujaa kila mahali, kwenye puto, sahani na vitambaa vya meza, lakini hakuna mpira hata mmoja unaodunda. Watoto hupigwa picha mbele ya bango kisha kila mmoja hurudi kwenye simu ya mzazi wake. Kwa hiyo tumeweka kanuni mbili. Kanuni ya kwanza ni kwamba fedha zitaanza kutumika kwa vitu vya kuchezea, yaani pete, mipira, uwanja na kivuli, na mapambo yatapata kitakachobaki. Ya pili, ambayo kwangu ni nzito zaidi, ni kwamba hakuna mtoto atakayerudi kwao bila kufunga kikapu angalau kimoja katika mchezo wa kweli, mbele ya watu.

Jumanne, 4 Novemba 2025

Tumechagua tarehe. Mimi binafsi niliipenda sana tarehe 21 Desemba, kwa sababu siku kama hiyo mwaka 1891 ndipo mwalimu James Naismith alipowachezesha wanafunzi wake mchezo huu kwa mara ya kwanza huko Springfield, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Hata hivyo, anayeifahamu Nairobi anajua kwamba wiki ya Krismasi nusu ya mtaa huwa imekwishapanda basi kwenda ushago, na sherehe isiyo na watoto wa majirani haitakuwa ile aliyoiomba binti. Novemba nayo ni mwezi wa mvua za vuli. Tumesimama kwenye Jumamosi, tarehe 13 Desemba, siku inayofuata Jamhuri Dei, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni kabla giza halijaingia.

Kuhusu mahali, tulizingatia kukodi uwanja wa kweli. Ukumbi wa ndani wa Nyayo hauko mbali na South B, na viwanja vya YMCA Shauri Moyo vinajulikana na kila anayeufuata mchezo huu mjini. Tatizo ni vipimo. Uwanja kamili una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na pete zake zimefungwa mita 3.05 kutoka sakafuni. Mtoto wa miaka minane akirusha kutoka kwenye mstari wa mrusho huru hapo, mpira hautafika hata kwenye wavu, na baada ya muda mfupi ataacha kujaribu. Tumeamua kubaki nyumbani na kuujenga mchezo kwa kimo cha watoto wenyewe.

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Siku ya leo imekuwa ya pete, na imenifundisha mengi.

Kwanza tulitembelea sehemu mbili za mtaa zinazofaa. Maegesho ya mbele ni mapana, lakini yametandikwa kabro, na tulipoudunda mpira wa kuazima juu yake tuliona mara moja kwamba ukigonga kwenye ungio la matofali unaruka upande usiotarajiwa. Mtoto anayejifunza kudunda anahitaji sakafu isiyomdanganya. Nyuma ya nyumba za safu ya mwisho kuna sakafu ya saruji ambayo zamani ilikuwa ya kuanikia nguo, ina mteremko mdogo sana wa kutiririsha maji, na kwa kamba ya kupimia tumepata karibu mita 14 kwa 12. Nusu ya uwanja inayotumika katika mchezo wa watatu kwa watatu ni mita 15 kwa 11, kwa hiyo tunachokosa ni kidogo na hakuna mtoto atakayekitambua.

Kisha nilikwenda Kamukunji kwa fundi wa jua kali. Nilimpelekea mchoro wenye vipimo vyote kwa sababu sikutaka pete ya kukisia. Pete ina kipenyo cha sentimita 45 kwa ndani na hutengenezwa kwa chuma cha mviringo chenye unene wa milimita 16 hadi 20, na yeye amependekeza tutumie nondo ya milimita 16, kwani hiyo hupindika kwa urahisi na bado ni imara. Ubao tumeukata kwa kipimo cha mpira wa kikapu wa watoto, upana sentimita 120 na kimo sentimita 90, kwa plaiwudi nene itakayopakwa rangi nyeupe ya mafuta. Juu ya pete kutachorwa ule mstatili mdogo wa sentimita 59 kwa 45, na nimesisitiza usisahaulike, kwa maana huo ndio mwalimu wa kwanza wa mwanagenzi: mtoto anayerusha kutoka pembeni akilenga kona ya juu ya mstatili huo huuona mpira ukiangukia ndani bila kujua hesabu iliyotumika.

Kimo ndicho kilichotuchukua muda mrefu. Kimo cha mita 3.05 kilitokana na bahati tu, kwani Naismith alivipigilia vikapu vyake kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, na ukingo huo ulikuwa futi 10 kutoka chini. Kwa watoto walio chini ya miaka 12 kimo kinachotumika ni mita 2.60. Nimemwomba fundi aweke kwenye nguzo sehemu mbili za kufungia ubao, moja ya mita 2.60 kwa wakubwa na nyingine ya mita 2.10 kwa wadogo, na bolti zinazofunguliwa kwa spana moja ili ubadilishaji usikatishe mchezo.

Usalama wa nguzo umenifanya nikae na fundi hadi nikaridhika. Ubao unaning'inia mbele ya nguzo, kwa hiyo uzito wake daima unavuta kuelekea uwanjani, na mtoto akirukia na kuning'inia peteni, nguzo yote inaweza kulala. Kitako chake kitakuwa tairi mbili kuukuu za lori zilizojazwa zege, zikikaa nyuma ya nguzo na si chini yake tu, na juu yake tutaongeza magunia ya mchanga. Nguzo yenyewe itavikwa sponji ya godoro kuanzia chini hadi kimo cha mtu mzima. Pia nimeandika kwa herufi kubwa kwenye ratiba kwamba hakuna kuning'inia, na kwamba mtu mzima mmoja atasimama karibu na nguzo muda wote wa mchezo bila kupewa kazi nyingine.

Alhamisi, 13 Novemba 2025

Mipira imepatikana. Tumenunua minne ya namba 5, yenye mzunguko wa karibu sentimita 70, na kuazima mmoja wa namba 7, ule wa wanaume wenye mzunguko wa karibu sentimita 75, ambao utakaa mezani ili watoto waone na kugusa tofauti. Mpira wa namba 5 una kipenyo cha sentimita 22 hivi, maana yake pete ina upana wa kama mara mbili ya mpira. Binti alipoambiwa hivyo hakuamini, akachukua rula mwenyewe. Nimeona kwamba taarifa hii moja inampa mtoto mwoga matumaini kuliko maneno mengi ya kumtia moyo, na nitaitumia siku yenyewe.

Jumapili, 16 Novemba 2025

Leo tumepanga michezo, na hii ndiyo sehemu ya mradi ninayoithamini kupita zote.

Tutaanza na mchezo tuliouita Mwaka 1891. Katika kanuni 13 za kwanza alizoziandika Naismith, mchezaji hakuruhusiwa kukimbia na mpira. Alipaswa kuurusha kutoka pale alipoudakia. Kudunda hakukuwamo. Walicheza watu tisa kila upande, wakitumia mpira wa soka na vikapu vya kubebea matunda ya mapichi, na mchezo mzima uliisha kwa bao moja kwa nunge. Vikapu hivyo vilikuwa na vitako, kwa hiyo mtu alilazimika kuupandia mpira kwa ngazi kila ulipoingia. Nilipokuwa nikisimulia haya mezani, niliona kwamba mchezo wa namna hiyo unawafaa kabisa wageni wetu. Mtoto ambaye hajawahi kudunda mpira hana cha kuonea haya mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kudunda. Anadaka, anatazama, anatoa pasi, na hapo hapo tayari anacheza.

Kwa hiyo tutaning'iniza matenga mawili yaliyosukwa, moja kila upande wa uwanja, na wajomba wawili wenye ngazi watakuwa na kazi ya kuutoa mpira. Nina hakika kwamba ngazi hizo zitashangiliwa sana.

Baada ya hapo ndipo yatakuja mashindano ya watatu kwa watatu, ambayo yanahitaji pete moja tu na nusu ya uwanja. Kwa kanuni za kimataifa timu huwa na wachezaji wanne, watatu uwanjani na mmoja wa akiba, na mchezo huchukua dakika 10 au huisha timu mojawapo ifikapo pointi 21. Watoto 24 wanatupa timu sita kamili bila mtoto kubaki nje. Tutazigawa katika makundi mawili ya timu tatu, kila timu icheze na wenzake wa kundi lake, kisha washindi wakutane katika fainali. Jumla ni michezo saba. Kwa dakika tano kila mchezo, saa ikienda bila kusimamishwa, na muda mfupi wa kubadilishana, mashindano yote yatakamilika ndani ya saa moja. Binti ametaka kila mchezaji wa akiba aingie kila baada ya dakika moja na nusu, filimbi ikipigwa, asije mtu akabaki pembeni kwa sababu ndugu zake hawataki kumpisha. Nimelikubali pendekezo lake bila mabadiliko.

Nimeongeza kanuni mbili za kwetu. Kikapu cha kwanza cha kila mtoto kitahesabiwa mara mbili, na hii itaifanya timu yenyewe imtafute yule ambaye hajafunga, kwa kuwa pasi kwake ndiyo yenye faida kubwa. Pia kila timu itachanganya umri: mmoja wa miaka 12 au 13, wawili wa katikati, na mmoja mdogo. Mdogo akiwa na mpira ndani ya duara tutakalochora kwa chaki mbele ya pete, hakuna anayeruhusiwa kumzuia.

Tutamalizia na Mrusho wa Mwisho. Februari 2021 mjini Yaoundé, timu ya taifa ya Kenya, Morans, ilikuwa nyuma ya Angola, taifa lililotwaa ubingwa wa Afrika mara nyingi kuliko lingine lolote, na Tylor Ongwae akarusha mpira muda ukiyoyoma, ukaingia, Kenya ikashinda 74 kwa 73. Ushindi huo uliirudisha Kenya kwenye fainali za Afrika baada ya miaka 28, tangu zile za 1993 zilizochezwa hapa Nairobi, ambamo tulimaliza nafasi ya nne. Watoto wengi wa South B wanawajua nyota wa Marekani kwa majina na nambari, lakini habari hii hawajasimuliwa, nami ningependa waijue. Kila mtoto atasimama mahali atakapochagua mwenyewe, wageni wote watahesabu kwa sauti tano, nne, tatu, mbili, moja, naye atarusha. Asiyefunga atarudia akiwa amesogea hatua moja mbele, mpaka afunge.

Ijumaa, 21 Novemba 2025

Kamati ya mtaa imetoa ruhusa. Mzee anayeiongoza aliuliza maswali mawili tu, kelele na magari. Spika itakuwa moja, itaelekezwa ukutani, na itazimwa saa kumi na mbili. Mlinzi ataelekeza magari ya wageni upande wa mbele. Mama jirani, ambaye dirisha lake linatazama sakafu ya saruji, nilimwendea mwenyewe na kumweleza ratiba yote. Amejitolea kuwa mwandishi wa pointi.

Jumamosi, 29 Novemba 2025

Mavazi na mapambo. Nilikuwa na wazo la kuokota jezi za mitumba Gikomba, na kwa kweli zipo nyingi na nzuri, lakini karibu zote ni za watu wazima, na mtoto wa miaka minane ndani yake hawezi kukimbia bila kujikwaa. Tumenunua fulana nyeupe za kawaida na tutazipaka rangi sisi wenyewe kwa karatasi ngumu iliyokatwa nambari.

Majina ya timu yametoka kwa binti na binamu zake, nami nayaona kuwa ndiyo pambo bora la sherehe nzima: kila timu imechukua njia ya matatu. Kuna 9 ya Eastleigh, 33 ya Embakasi, 46 ya Kawangware, 58 ya Buruburu, 111 ya Ngong na 125 ya Rongai. Kanuni za kimataifa haziruhusu mchezaji kuvaa nambari inayozidi 99, kwa hiyo 111 na 125 zisingeweza kukaa mgongoni. Tumeiweka nambari ya njia kifuani kama nembo ya timu, na mgongoni kila mtoto atavaa nambari yake kuanzia 1 hadi 4. Ubao wa matokeo utachorwa mfano wa kibao cha matatu kinachowekwa kwenye kioo cha mbele. Matatu za Nairobi zimekuwa zikibeba picha za wachezaji wa mpira wa kikapu ubavuni kwa miaka mingi, na ni haki mchezo nao ubebe matatu kwa siku moja.

Puto zitakuwepo chache, za rangi ya chungwa na nyeusi, zikifungwa mbali na pete. Ukutani tutabandika karatasi kubwa moja yenye habari fupi za timu za hapa: kwamba mwaka 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza katika ligi ya Afrika ya BAL, ligi iliyoanza Kigali mwaka 2021, na kwamba wasichana wana timu yao ya taifa pia. Mistari ya uwanja itachorwa kwa chaki na wala si kwa rangi, kama tulivyoahidi kamati.

Jumatano, 3 Desemba 2025

Chakula kimekuwa kazi nyepesi kwa sababu wifi yangu anakijua na sikuwa na haja ya kumwingilia. Watoto wanaokimbia hawafai kushiba kabla ya mchezo, hivyo mwanzoni kutakuwa na maji, vipande vya tikitimaji na ndizi tu. Pilau, kuku, kachumbari na viazi karai vitakuja baada ya fainali. Juisi itakuwa ya embe, kwa kuwa msimu wake umeingia. Badala ya peremende tutatoa kaimati, ambazo kwa umbo lake hazihitaji kupambwa ili zifanane na mpira, na zitapangwa kwenye vikapu vidogo vya mkonge tulivyonunua Kariakor, ambavyo kila mtoto ataondoka navyo.

Keki itakuwa ya duara, rangi ya chungwa yenye mistari myeusi inayoigawa kama vipande vinane vya mpira wa kawaida. Mwokaji ni mama wa mtaani, na alipouliza kwa nini rangi iwe hiyo hasa nilimweleza kwamba zamani mipira ilikuwa ya kahawia, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950 kocha Tony Hinkle alipotaka rangi ambayo wachezaji na watazamaji wangeiona kwa urahisi. Ameahidi chungwa inayong'aa.

Jumamosi, 6 Desemba 2025

Mazoezi ya jumla, tukiwa na watoto wanane tu na pete ikiwa imesimama kwa mara ya kwanza. Tuliivuta kwa kamba kwa nguvu za watu wazima wawili na kitako hakikunyanyuka. Mipira ilijaribiwa kwa kuiangusha kutoka kimo cha mtu mzima; ilipanda hadi juu kidogo ya kiuno, na huo ndio upepo unaofaa.

Mvua ilinyesha tukiwa katikati ya mchezo wa pili, na ilikuwa heri inyeshe leo, kwa kuwa tuliona kwamba saruji ikiloa huteleza sana karibu na pete, ambako miguu imeipiga msasa. Tumepanga hivi: hema litasimama ubavuni mwa uwanja, si juu yake, mvua ikianza watoto wataingia humo kwa maswali ya mpira wa kikapu na kaimati, mafagio ya kusukumia maji yatakuwa tayari pamoja na matambara makavu, na mchezo hautarejea mpaka mtu mzima atembee mbele ya pete kwa raba na kusema pamekauka. Mwenye hema tuliyekuwa tumekubaliana naye alighairi jana usiku, na tumepata jingine kwa jirani wa mtaa wa pili.

Mchezo wa Mwaka 1891 ulifanikiwa kuliko tulivyotarajia. Mtoto mmoja wa miaka saba, ambaye kwa nusu saa alikuwa amemshika mama yake sketi, alidaka pasi, akatulia kwa muda mrefu ambao katika mchezo wa kawaida usingewezekana, kisha akautia mpira kwenye tenga. Aliomba apewe nafasi ya kupanda ngazi autoe mwenyewe. Mjomba wake alimshika kiuno akapanda naye. Tumeongeza jambo hilo kwenye kanuni: anayefunga ndiye anayepanda, akishikwa na mtu mzima.

Ijumaa, 12 Desemba 2025

Mistari imechorwa, fulana 24 zimekauka, filimbi mbili zimejaribiwa. Sanduku la huduma ya kwanza lina bandeji, barafu itanunuliwa asubuhi. Wazazi wamekumbushwa kwa ujumbe wa simu kwamba mtoto avae raba zilizofungwa kamba na asivae pete wala hereni ndefu.

Jumapili, 14 Desemba 2025

Sherehe ilianza saa nane na robo, ikaisha kama ilivyopangwa. Mvua haikunyesha. Fainali ilikuwa kati ya 58 na 125, na Rongai wakashinda kwa kikapu cha mtoto wao mdogo aliyekuwa ndani ya duara la chaki; kwa kuwa kilikuwa kikapu chake cha kwanza, kilihesabiwa mara mbili, na mama jirani aliandika pointi hizo huku amesimama. Kanuni ya kikapu cha kwanza ilifanya kazi yake hasa: katika kila timu tulisikia wakubwa wakiita, "Mpe yeye, bado hajafunga!"

Katika Mrusho wa Mwisho watoto wote 24 walifunga, wengine kutoka mbali, wengine baada ya kusogea hadi chini ya pete ya mita 2.10. Binti wa kaka yangu alichagua kusimama nyuma kabisa ya mstari, akakosa, akasogea, akakosa, akasogea tena, na wenzake wakahesabu kila mara kwa sauti ileile mpaka mpira ukaingia. Keki ilikatwa kwa kuchelewa kidogo kwa sababu hakuna aliyetaka kuondoka uwanjani.

Kwa atakayeandaa nyingine: matenga yafungwe kwa waya na si kwa kamba ya katani, kwani moja lililegea; mchezo wa Mwaka 1891 upewe dakika 30 badala ya 20; na waamuzi wawe wawili, mmoja wa mchezo na mwingine wa kuangalia wachezaji wa akiba tu. Kamati imeomba nguzo isiondolewe mpaka shule zifunguliwe Januari. Tumekubaliana kwamba mchana ubao utakaa kwenye mita 2.60, mlinzi atakaa na spana, na wavu, ambao umekwishaanza kufumuka upande mmoja, nitaubadilisha wiki hii.